Mstari Mmoja Kwenye Faili la Aliyeanguka na Baiskeli

Faili lilikuwa na kurasa nne. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa mtu ambaye bila shaka alikuwa na foleni ndefu nje ya mlango, tabibu alikuwa ameandika: "Ameanguka na baiskeli, anaumwa kifundo cha mkono wa kulia." Eksirei ilionyesha kwamba mfupa wa rediasi umevunjika karibu na kiganja, mgonjwa akafungwa hogo, akapewa dawa za maumivu na tarehe ya kurudi, kisha akaruhusiwa. Faili likafika mezani kwangu, kwa sababu kazi yangu ni kuyageuza maelezo ya namna hiyo kuwa misimbo inayoweza kuhesabiwa. Kwa maneno yale ya tabibu jibu lilikuwa jepesi: mwendesha baiskeli aliyeumia barabarani bila kugongana na chochote, yaani V18.4. Nilikuwa nimekwisha kuuandika msimbo huo nilipofunua karatasi ya tatu, ile ya muuguzi wa mapokezi ya dharura, nikakuta maneno yaliyobanwa pembeni kabisa: "Anasema kioo cha pembeni cha gari kilimpiga begani, gari halikusimama."

Nilifuta nilichoandika, nikaweka V13.4, mwendesha baiskeli aliyeumia kwa kugongana na gari dogo barabarani. Mfupa uliovunjika ni ule ule na hogo ni lile lile, na mgonjwa mwenyewe hatajua kamwe kwamba nilibadilisha tarakimu moja. Lakini kwenye hesabu ya mwaka, V18 itamweka pamoja na watu walioteleza kwenye matope au kushindwa kukata kona, na V13 itamweka pamoja na watu waliogongwa na magari. Anayekaa baadaye kuamua kama barabara fulani inahitaji njia ya baiskeli iliyotengwa na magari hatayaona maneno ya muuguzi yule. Ataona tarakimu tu.

Nimeamua kuandika kuhusu jambo hili kwa sababu naona lawama za takwimu mbovu za majeraha ya baiskeli, skuta na vyombo vingine vidogo vya usafiri huwaendea watu wa takwimu na watu wa kompyuta, ilhali kwa ninavyoona mimi chanzo chake kiko mapema zaidi, katika dakika ile mgonjwa anapoulizwa "Umepatwa na nini?" na jibu lake linapoandikwa au kuachwa. Mweka misimbo haruhusiwi kubuni. Kama sentensi haikutaja gari, hata kama moyoni nahisi gari lilikuwepo, sina haki ya kuliweka.

Kwa asiyejua kazi hii, naomba nieleze mpangilio wake kwa kifupi. Nchi nyingi hutumia Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, na toleo lake la kumi, ICD-10, lilipitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 1994. Ndani yake jeraha huandikwa mara mbili. Sura ya 19 hueleza kilichoumia, iwe mfupa, ini au ubongo. Sura ya 20 hueleza kilichosababisha, na humo ndimo iliko misimbo inayoanza kwa V ya ajali za usafiri. Waendesha baiskeli wamepewa V10 hadi V19. Tarakimu ya pili baada ya V hueleza waligongana na nini: V10 ni mtembea kwa miguu au mnyama, V11 ni baiskeli nyingine, V12 ni chombo cha moto cha magurudumu mawili au matatu, V13 ni gari dogo, V14 ni lori au basi, V15 ni treni, V16 ni chombo kingine kisicho na injini, V17 ni kitu kisichosogea kama nguzo au ukuta, na V18 ni ajali isiyo na mgongano. Tarakimu inayofuata nukta hutofautisha aliyekuwa akiendesha na aliyepakiwa, na hutofautisha pia ajali ya barabara ya umma na ile iliyotokea kwingineko, kwa mfano uani au kwenye kiwanja cha michezo.

Mpangilio huu wenyewe ulikuwa hatua kubwa. Katika toleo la tisa, mwendesha baiskeli aliyegongwa na gari alihesabiwa kwanza chini ya ajali za magari, E810 hadi E819, na baiskeli yake ikabaki kuwa tarakimu ya nyongeza mwishoni. Msimbo wa E826 uliotaja baiskeli waziwazi ulikuwa wa ajali ambazo gari halikuhusika. Aliyetaka kujua ni waendesha baiskeli wangapi wameumia ilimbidi aokoteze huku na huku. Toleo la kumi liligeuza swali, likaanza kumuuliza aliyeumia alikuwa akisafiri kwa chombo gani ndipo liulize aligongana na nini. Kati ya mabadiliko yote ya toleo hilo, hili ndilo ninalolishukuru zaidi, kwa sababu limemweka majeruhi mbele ya kilichomgonga.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye maneno tunayoyaandika kwa mazoea: "ajali ya barabarani", au kile kifupisho cha herufi tatu cha Kiingereza, RTA, ambacho kila mhudumu wa dharura anakijua. ICD-10 imekitaja kifupisho hicho kwa jina lake, na imekipa V89.2, mtu aliyeumia katika ajali ya chombo cha moto isiyofafanuliwa. Tazama kilichotendeka hapo. Mtu amekuja na baiskeli iliyopinda gurudumu la mbele, ndugu yake ameiegemeza nje kwenye ukuta wa hospitali, kila aliyepita ameiona, lakini kwa kuwa kwenye karatasi pameandikwa RTA peke yake, baiskeli imetoweka na mwenyewe amegeuka kuwa mtu aliyeumia katika chombo cha moto. Nafuu kidogo ni pale tabibu anapoandika "ajali ya baiskeli" bila maelezo zaidi, kwani hapo tunafika angalau kwenye V19.9, mwendesha baiskeli aliyeumia katika ajali ya barabarani isiyofafanuliwa. Hata hivyo V19.9 ni ghala la kila kisichojulikana, na ghala likijaa kuliko vyumba vyake, mpango mzima wa kutenganisha magari, mashimo na nguzo unapoteza maana.

Huwa nawaambia matabibu wapya, wanapokuja kujitambulisha ofisini kwetu, kwamba ninachohitaji ni sentensi moja tu, ilimradi itaje mgonjwa alikuwa juu ya chombo gani na katika nafasi gani, aligongana na nini, mahali gani, na alikuwa akifanya nini wakati ule. Wengine hunijibu kwamba hayo ni mambo ya polisi. Nawaelewa, lakini mara nyingi polisi hawapo kabisa. Mtu aliyeanguka peke yake kwa sababu ya shimo hamwiti askari. Anajikongoja, anafika hospitali, anashonwa, anarudi nyumbani. Rekodi za polisi zinajulikana kwa kuyakosa majeraha ya namna hii, hasa ya baiskeli isiyogongana na gari, na faili la hospitali linaweza kuwa ndilo andiko pekee duniani linalosema kwamba tukio lile lilitokea.

Nafasi ya mgonjwa ina mitego ambayo asiyefanya kazi hii hawezi kuidhania. Mtu anayetembea huku akiikokota baiskeli yake, akagongwa, si mwendesha baiskeli. Ni mtembea kwa miguu, na ataangukia V01 hadi V09. Mtoto aliyepakiwa kwenye kiti cha nyuma ni abiria wa baiskeli, naye aliyekuwa ndani ya kijitela kinachovutwa na baiskeli anahesabiwa pamoja na waendesha baiskeli ingawa hakugusa kanyagio. Anayeumia akiwa anapanda au kushuka ana tarakimu yake baada ya nukta, yaani 3. Na baiskeli ikimgonga mtembea kwa miguu, tukio moja linazaa mafaili mawili yenye misimbo tofauti: aliyegongwa ni V01, aliyekuwa juu ya baiskeli ni V10. Nimewahi kuona mafaili mawili ya tukio moja, yamepokelewa usiku mmoja kwa dakika chache za tofauti, yote yakiwa na maneno yale yale, "kugongana na baiskeli", wala hapakuwa na namna ya kujua ni yupi aliyekuwa juu yake mpaka nilipopiga simu wodini.

"Sista, samahani kwa usumbufu, huyu mgonjwa wa kitanda cha sita alikuwa anatembea au alikuwa anaendesha?"

"Ngoja nimuulize mwenyewe." Kimya kidogo. "Alikuwa anavuka kwa miguu. Mwenye baiskeli ni yule wa kitanda cha pili."

Ilichukua chini ya dakika moja, na ingechukua sekunde tano wakati wa kupokelewa.

Kuhusu mahali, mwongozo una kanuni inayofaa kukumbukwa: ajali ya mwendesha baiskeli ikikosa maelezo ya mahali, inachukuliwa kuwa ilitokea kwenye barabara ya umma. Kwa hiyo mtoto aliyeanguka akizunguka uani kwao, ikiwa hakuna aliyeandika neno "uani", ataongeza idadi ya majeruhi wa barabarani. Kimya cha tabibu hapa kinajaza jibu, na jibu lenyewe linaweza kuwa si kweli.

Nije sasa kwenye vyombo vipya, kwani hapo ndipo mambo yamekuwa magumu zaidi katika miaka hii michache. Chukua neno "skuta". Kwenye faili linaweza kuwa na maana nne: pikipiki ya skuta yenye injini na kiti, kile kigari cha kusimama ambacho mtoto hukisukuma kwa mguu, kile cha kusimama chenye betri ambacho watu hukodi mjini kwa simu, au kigari cha kukalia cha umeme kinachotumiwa na wazee na watu wenye ulemavu. Toleo linalotumika Marekani, ICD-10-CM, ambalo lilianza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015, lina mahali pa kila kimoja. Pikipiki ya skuta huenda kwa waendesha pikipiki, V20 hadi V29. Kuanguka kutoka kile cha mtoto ni V00.141. Kuanguka kutoka kile cha wazee ni V00.831. Kile cha kusimama chenye betri hakikuwa na msimbo wake mpaka tarehe 1 Oktoba 2020, ndipo ikaja V00.841 ya kuanguka, V00.842 ya kugonga kitu kisichosogea, na V00.848 ya ajali nyingine za vyombo vidogo vya kusimama, pamoja na misimbo ya aliyegongana na baiskeli au gari, kama V03.131 kwa gari dogo barabarani.

Kazini natumia toleo la Shirika la Afya Duniani, na hilo la Marekani nililisoma nilipokuwa nikijiandaa kwa mtihani wa cheti, lakini nalitaja kwa sababu linaonyesha wazi hatari iliyopo. Kwa mtu aliyeumia kabla ya tarehe ile, hata mweka misimbo mwangalifu aliweza kujikuta akichagua kati ya msimbo wa skuta isiyo na mota na ule wa kigari cha wazee, na wote wawili si sahihi. Mtafiti anayechukua miaka ya nyuma na kuhesabu V00.831 atakuta humo wazee wenye ulemavu wamechanganyika na vijana waliokodi skuta usiku. Na kuwepo kwa msimbo sasa hakujaondoa tatizo, kwa maana tabibu akiandika "skuta" tu, tumerudi pale pale. Neno "umeme" na neno "kusimama" ndiyo yanayoamua, na hayo hayapatikani popote isipokuwa kwenye sentensi ya aliyemwona mgonjwa.

Katika mfumo huu, jambo jingine linalowashangaza watu ni kwamba aliye juu ya skuta ya umeme ya kusimama amewekwa pamoja na watembea kwa miguu. ICD-10 ina kundi la vifaa vya mtembea kwa miguu ambalo linajumuisha viatu vya magurudumu, ubao wa magurudumu, kiti cha magurudumu na skuta, na toleo la Marekani limeiendeleza hoja hiyo hadi kwenye skuta ya betri. Mimi binafsi sikubaliani nayo. Chombo kinachokimbia sawa na baiskeli, kinachopita njia moja na baiskeli, kingestahili kuwa jirani ya baiskeli. Lakini kazi yangu ni kufuata mwongozo, na kuwaonya wanaotumia takwimu kwamba wakichukua V01 hadi V09 wakaziita zote "watembea kwa miguu waliogongwa", watakuwa wamewahesabu pia watu waliokuwa juu ya mota.

Baiskeli ya umeme, yaani ile ambayo betri humsaidia mtu anapokanyaga, imeangukia upande wa pili kabisa. Mwongozo wa ICD-10 unaifafanua baiskeli kuwa chombo cha nchi kavu kinachoendeshwa kwa kanyagio pekee. Neno hilo "pekee" liliandikwa zamani, pengine kwa kufikiria vijipikipiki vyenye kanyagio, na leo linaitoa baiskeli ya umeme kwenye V10 hadi V19 na kuipeleka kwa waendesha pikipiki, V20 hadi V29, kwa sababu kundi la pikipiki limetajwa kuwa linajumuisha baiskeli yenye mota. Toleo la Marekani limefuata njia hiyo hiyo kwa uwazi zaidi: tangu tarehe 1 Oktoba 2022 kundi la waendesha pikipiki limegawanywa ndani yake, na mwendesha baiskeli ya umeme amepewa misimbo yake, kama V23.41 kwa aliyegongana na gari dogo barabarani. Kwa hiyo Marekani inawezekana kumtenga mwendesha baiskeli ya umeme na mwendesha pikipiki, iwapo tabibu ameandika. Kwa anayetumia toleo la Shirika la Afya Duniani peke yake, wote wawili wamo kwenye msimbo mmoja.

Fikiria maana yake. Mtu wa mipango akiona idadi ya V20 hadi V29 inapanda, anaweza kudhani pikipiki zimeongezeka au waendeshaji wake wamekuwa wazembe, ilhali waliojaa humo ni watu wa makamo wanaokwenda kazini kwa baiskeli za umeme. Upande wa pili, tabibu akiandika "baiskeli" tu kwa sababu ndivyo mgonjwa alivyoiita, naye ataangukia V10 hadi V19. Baiskeli za aina moja, zilizogongana na magari ya aina moja, zitakuwa zimegawanyika katika makundi mawili kwa kufuata tu jinsi kila mhudumu anavyoongea. Sijui jambo linaloniumiza kichwa zaidi ya hili katika kazi yangu yote ya misimbo ya V.

Sentensi ya chanzo haimsaidii mweka misimbo peke yake. Majeraha ya usukani yanalionyesha hili kuliko mengine. Mtoto anaanguka kwa mwendo mdogo, gurudumu la mbele linageuka, na ncha ya usukani inamchoma tumboni. Anafika akitembea mwenyewe, na juu ya ngozi pana alama ndogo ya duara tu, saizi ya ncha ile. Chini ya alama hiyo ini, bandama, kongosho au utumbo mwembamba vinaweza kuwa vimeumia, na dalili za kongosho na utumbo zina tabia ya kuchelewa kwa saa nyingi, hata siku. Aliyeandika "ameanguka na baiskeli, mchubuko tumboni" amempa daktari wa zamu inayofuata sababu ya kumruhusu. Aliyeandika "ncha ya usukani imempiga tumboni, kuna alama ya duara juu ya kitovu" amempa sababu ya kumbakiza na kumchunguza. Hakuna msimbo wa usukani katika ICD-10. Maneno hayo yanaishi kwenye maelezo tu, na ndiyo maana yasipoandikwa hakuna kinachoyafidia.

Hata jeraha likishagunduliwa, undani wake unahitaji kuandikwa. "Ini limechanika" haitoshi, kwani mpasuko mdogo, wa kati na mkubwa hutenganishwa katika toleo la Marekani, S36.114, S36.115 na S36.116, na hata pale misimbo haitenganishi, alama za ukali zinategemea daraja hilo. Alama inayotumika sana katika majeraha mengi, ISS, iliyotolewa mwaka 1974, huchukua sehemu tatu za mwili zilizoumia zaidi, kila moja ikiwa na daraja lake la ukali, huzidisha kila daraja kwa lenyewe na kujumlisha, hadi kufikia 75. Tarakimu moja ikikadiriwa vibaya inakuzwa na hesabu hiyo.

Kwa kichwa, ninachokililia ni habari ya fahamu. "Mtikisiko wa ubongo" peke yake hauniambii kama mgonjwa alipoteza fahamu, alipoteza kwa muda gani, au kama hakuna aliyekuwepo wa kushuhudia. Yote hayo ni mambo tofauti, na kutoandika chochote ni tofauti na kuandika "hakupoteza fahamu". Vivyo hivyo kipimo cha fahamu cha Glasgow, ambacho kina jumla ya 3 hadi 15: naomba zile sehemu tatu, macho, sauti na viungo, ziandikwe kila moja kivyake, kwa sababu jumla ya 10 inaweza kupatikana kwa njia nyingi na wagonjwa wake hawafanani. Na kofia ngumu, iwe ilivaliwa au haikuvaliwa, iwe ilipasuka au ilitoka kichwani, iandikwe pia. Najua ICD-10 haina pa kuiweka. Iandikwe tu, kwani siku mtu atakapotaka kujua kama kofia zinasaidia, atarudi kwenye maneno.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni shughuli aliyokuwa akiifanya majeruhi. Wanaopeleka chakula na vifurushi kwa baiskeli na skuta wanaumia wakiwa kazini, na jeraha la kazini lina uzito wake katika fidia na katika sheria. ICD-10 ina tarakimu ya hiari ya shughuli, ambapo 2 ni kufanya kazi ya malipo na 1 ni burudani; toleo la Marekani lina Y99.0 kwa kazi ya malipo. Katika mafaili ninayoyapokea tarakimu hiyo karibu daima ni 9, haijulikani. Hakuna aliyeuliza. Mgonjwa amekuja na begi la mraba la chakula mgongoni, begi limewekwa chini ya kitanda, na karatasi haisemi lolote.

Wapo wanaozidisha kwa upande mwingine, na hao nao naomba niwaseme. Faili la hospitali si mahali pa kumtafuta mkosaji. "Alikatiza mbele ya gari kwa uzembe" ni hukumu. "Mgonjwa anaeleza kwamba alikuwa akivuka makutano, gari likatokea kushoto kwake" ni maelezo, na yana msemaji. "Alionekana amelewa" ni hukumu pia. Kama kuna haja, damu ipimwe na kiwango kiandikwe, kwani ipo misimbo ya kiwango, Y90, na ipo ya dalili zilizoonekana, Y91. Nami ninapomwandikia tabibu kumwomba ufafanuzi sipaswi kumwekea jibu mdomoni. Simwulizi, "Je, aligongwa na gari?" Namwandikia, "Tafadhali eleza jinsi ajali ilivyotokea na chombo alichokuwa akitumia mgonjwa," kisha nasubiri, hata kama tarehe ya kufunga mwezi imekaribia.

Toleo la 11 la uainishaji huu, ICD-11, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, linaruhusu msimbo mkuu kuunganishwa na misimbo ya nyongeza ili tukio moja lielezwe kwa sehemu zake. Nimelisoma kwa hamu. Lakini kadiri mfumo unavyoweza kubeba mengi, ndivyo unavyomdai zaidi yule anayemsikiliza mgonjwa mara ya kwanza, na sioni kama tumejiandaa kwa upande huo.

Mwaka huu wauguzi wa mapokezi walikubali tuongeze mstari mmoja kwenye karatasi yao. Hatukuongeza visanduku vya kuweka alama, kwa sababu nimeona visanduku vikijazwa bila kusomwa. Ni mstari mtupu, wenye maneno madogo juu yake: chombo, kiligongana na nini, wapi, akifanya nini. Wiki za mwanzo uliachwa mtupu mara nyingi, na kila nilipokutana nao nilisema asante kwa ile michache iliyojazwa, nikawasomea nilichoweza kufanya nayo.

Jumatatu asubuhi faili la juu kabisa lilikuwa la kijana aliyevunjika mtulinga. Tabibu alikuwa ameandika "RTA" na chochote kingine kilikuwa kuhusu bega. Chini yake, kwenye ule mstari, kwa kalamu ya rangi nyingine na mwandiko wa duara niliokwisha kuuzoea, kulikuwa na maneno haya: "Baiskeli ya umeme, alikuwa anaendesha, basi lilimbana kwenye makutano, anapeleka chakula, kofia alivaa, imepasuka nyuma." Nikaandika V24.4, nikaongeza tarakimu 2 ya kazi ya malipo, na kwenye nafasi ya maelezo huru nikanakili mstari wake wote kama ulivyo, neno "umeme" likiwa la tatu.